Sindano ya Siku ya Kwanza

Kama hujawahi kuona mtu mzima akichemsha kijiko kama anachemsha nyama ngumu, ungepita uani kwa Mama Pasi wiki zile. Alikichemsha asubuhi, akakichemsha mchana, jioni akakichemsha tena pamoja na kikombe, sahani na bakuli, vyote vimefungwa uzi mwekundu visije vikachanganyika na vya watu wengine. Vyombo hivyo vilikuwa vya mke wa mwanawe, binti mcheshi mwenye mimba kubwa, ambaye kosa lake lote duniani lilikuwa kupimwa damu.

Uani pale palikuwa pa udobi. Kamba zilivuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mashuka ya watu yakipepea juu ya vichwa, na katikati palikuwa na pipa la kuchemshia nguo lililoketi juu ya mawe. Mama Pasi ndiye aliyekuwa mkuu wa pale. Alinyoosha suruali mpaka ungedhani imesimama yenyewe. Mwanawe walimwita Mlingoti kwa urefu wake. Alianika nguo bila kupanda kitu, na magauni ya mabibi harusi hayakugusa ardhi mikononi mwake hata siku moja. Mke wa Mlingoti walizoea kumwita Vifungo, kwa kuwa ndiye aliyeshona vifungo vilivyokatika na mifuko iliyotoboka kabla nguo hazijarudi kwa wenyewe. Wateja walimpenda. Ulipeleka shati bovu, ukarudishiwa shati zima, na ukachekeshwa juu yake.

Sasa turudi kliniki, kwa sababu huko ndiko kijiko kilikoanzia.

Kliniki ilikuwa pale pale kona ya mtaa. Mkunga wake alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya. Siku hiyo alimwita Vifungo chumba cha ndani na mumewe, akafunga mlango, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mlingoti akaanza kutokwa jasho.

"Damu yako ina homa ya ini, aina ya B," mkunga alisema.

"Mimi?" Vifungo aliuliza. "Mbona siumwi popote? Jana nimekula mpaka mume wangu kaficha sufuria."

"Wengi hawaumwi. Wanaishi nayo miaka bila kujua."

"Nimeipata wapi?"

"Sijui, na wewe hutajua. Pengine ulizaliwa nayo. Pengine ni wembe, pengine sindano isiyo safi utotoni. Msianze kutafutana uchawi nyumbani." Mkunga alimgeukia Mlingoti, akamtazama kuanzia chini hadi juu, na safari hiyo ilikuwa ndefu. "Na wewe baba, utapimwa. Ukiwa huna, unachanjwa."

Vifungo hakuwa anasikiliza tena. Mkono wake ulikuwa umeshatua tumboni. "Mtoto je?"

"Hapo ndipo penye kazi," mkunga alisema, akavuta kiti karibu. "Mtoto huipata zaidi wakati wa kuzaliwa, damu kwa damu. Lakini akichomwa sindano mara tu akizaliwa, siku ile ile, kisha akamaliziwa na nyingine kliniki, ana nafasi kubwa sana ya kutoka salama. Siku ile ile, mnanielewa? Si kesho yake, si wiki ijayo. Na sisi hapa sindano hiyo hatuna. Kwa hiyo ukisikia uchungu, mwanangu, pita mlango wangu kama hukuuona. Nenda hospitali kubwa. Kule wanayo."

Aliwaeleza na mengine. Kula sahani moja hakuambukizi. Kushikana mikono, kukumbatiana, kunywea kikombe kimoja, hakuambukizi. Mtoto atanyonya kama watoto wote. Cha kuangalia ni damu, nyembe na mambo ya chumbani. Mlingoti aliyasikiliza yote kama mtoto wa shule, akapimwa, akakutwa hana, akaenda kuchomwa sindano yake ya kwanza hospitali kubwa, na wiki nzima alitembea akionyesha mkono kana kwamba ametoka vitani. Vifungo naye alifuata vipimo zaidi hospitali kubwa, wakamwambia vidonge havihitajiki kwa sasa, arudi kuzaa tu.

Mtu aliyebaki kuelezwa alikuwa Mama Pasi. Walimweleza yote, neno kwa neno, na kati ya yote yale alishika moja. Damu. Maisha yake yote kila kibaya kilichoingia uani mwake kiliingia kama doa, na doa dawa yake anaijua, ni maji ya moto na moto wenyewe. Kwa hiyo alianza kuchemsha.

"Mama, si kwenye kijiko," Mlingoti alimwambia. "Mkunga kasema."

"Mkunga anafua nguo za watu?"

"Hafui."

"Basi aniachie." Alipunguza sauti akachungulia mlangoni. "Na nyie wawili nisikilizeni vizuri. Habari hii inaishia hapa uani. Nani atavaa shati lililopita mkononi mwa mgonjwa? Mke wa Mwalimu Mkuu akinusa tu, kesho mashuka yake yako kwa dobi mwingine, na akiondoka yeye, mtaa mzima unamfuata. Tutaanika nini? Hewa?"

Hapo alikuwa na hoja, tusimwonee. Mke wa Mwalimu Mkuu alikuwa na mdomo unaofika sokoni kabla yake.

*

Jioni walikula uani, chini ya kamba. Zamani walikula kwenye sinia moja, mikono mitatu ikigombania ukoko. Sasa Mama Pasi alipakua pembeni ile sahani ya uzi mwekundu, akaiweka mwisho wa mkeka, akaisukuma kwa ncha ya mwiko.

"Ahsante, Mama," Vifungo alisema. "Ungeirusha tu, mimi ni hodari wa kudaka."

Mlingoti alicheka. Mama Pasi hakucheka. Vifungo alikula akitazama ukuta, na kwa mdomo alifanya mzaha, lakini ilimuuma. Ilimuuma mno. Mama huyu ndiye aliyemfundisha kunyoosha kola. Alipotapika miezi ya mwanzo ndiye aliyemshika paji la uso. Leo anamsukumia chakula kwa mwiko.

Mlingoti aliinuka, akakusanya miguu yake mirefu, akaenda kuketi mwisho wa mkeka. Akatumbukiza mkono kwenye sahani ya uzi mwekundu.

"We!" Mama Pasi alipiga ukelele. "Mwanangu! Unataka kuniachia msiba?"

"Nataka mboga, Mama. Umempakulia nyingi kuliko mimi."

"Ni za mtoto!"

"Basi huyo mtoto umempakulia kwenye sahani ya hatari?"

Mama Pasi alitia tonge mdomoni, akatafuna. Usiku ule kijiko kilichemshwa muda mrefu kuliko kawaida.

*

Timu ya mafundi gereji ilileta jezi zake Alhamisi. Jezi nyeupe pe, mpya, zimechafuka mazoezini na namba za baadhi zimebanduka. Timu iliitwa Nyundo. Jumamosi jioni walikuwa na fainali, na kapteni wao alisema maneno mazito: "Mama, tunataka zing'ae mpaka golikipa wao afumbe macho."

Vifungo alikaa na sindano na uzi, akarudishia namba moja moja, tumbo limemzuia hata kuona mapaja yake. Namba tisa ilikuwa ya kitambaa kigumu. Sindano ikateleza, ikamchoma kidole, na tone moja dogo la damu likadondoka kwenye ukosi wa jezi.

Lilikuwa tone la kawaida. Fundi yeyote wa nguo amelidondosha. Siku nyingine Mama Pasi angelimalizia na sabuni na dawa ya madoa huku anasimulia habari za majirani, na likaisha. Lakini siku ile aliliona, akasimama kama ameona nyoka.

"Weka chini! Zote! Usiguse nyingine!"

"Mama, ni moja tu…"

"Zote umezishika!"

Alizikumbatia jezi kwa kitambaa, akazitupa pipani. Akazunguka uani akiokota kila alichokigusa Vifungo tangu asubuhi: taulo, mto, kanga nyekundu mpya aliyonunuliwa na mumewe kwa ajili ya kwenda nayo hospitali. Vyote ndani. Kuni zikaongezwa. Akashika upawa wake mkubwa, akakoroga.

Mwanamke yule hakuwahi kuchanganya nyekundu na nyeupe tangu aanze kufua. Hilo hata mtoto wa dobi analijua kabla hajajua kutembea. Lakini hofu ikikukamata, ufundi wako wote unakaa pembeni unakutazama. Alipofunua pipa, maji yalikuwa mekundu kama juisi, na jezi za Nyundo zilikuwa za rangi ya waridi. Si waridi ya kificho. Waridi ya bibi harusi.

Alizisuuza, akaziloweka, akazisugua, akazitia bluu ya nguo, zikawa waridi zaidi. Ijumaa nzima alihangaika nazo.

*

Jumamosi adhuhuri pikapu ya gereji ilisimama mlangoni. Kapteni alishuka, mtu wa mabega mapana na mikono isiyotakata mafuta, nyuma yake nusu ya timu.

"Mama yetu! Tumefuata jezi."

Mama Pasi alikuwa amesimama mbele ya kamba, mikono nyuma, akijaribu kuwa mpana.

Kapteni alitazama juu ya bega lake. "Hizo za watoto wa chekechea zimependeza," alisema. "Zetu ziko wapi?"

"Ndizo."

"Ndizo zipi?"

"Ndizo hizo."

Beki mmoja aliketi chini polepole. Golikipa alienda kwenye kamba, akatafuta jezi yake, akaishika kwa vidole viwili, akasoma namba, akaigeuza, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na habari njema.

"Mama," Kapteni alisema, "sisi tunaitwa Nyundo. Nyundo ya waridi umeiona gereji gani?"

"Rangi ya siku hizi hiyo," Mama Pasi alisema. "Timu kubwa kubwa zote zinavaa."

"Ipi?"

"Zote."

"Mama, umezifanya nini?"

Hapo ndipo Vifungo, aliyekuwa ameegemea mlango wa chumba akijikaza kisabuni, aliposhindwa. Aliwaona wanaume wale na misuli yao, aliiona sura ya mama mkwe wake akiitetea rangi ile, akaangua kicheko. Alicheka akashika mbavu, akacheka akashika mlango, Mlingoti naye akaanza, golikipa akafuata. Vifungo alicheka mpaka chupa ikapasuka. Maji yakatiririka miguuni, kicheko kikakatika, akasema, "Jamani, huyu anakuja."

Mama Pasi alikuwa wa kwanza kusogea.

"Kliniki! Hapo kona! Mlingoti, mshike huku!"

"Sizai hapo kona," Vifungo alisema. Alikuwa ameinama, mkono ukutani. "Hospitali kubwa, Mama."

"Mbali! Utazalia njiani!"

"Nitazalia kwenye njia ya kwenda hospitali kubwa. Hapo kona sindano hakuna."

"Sindano gani?" Kapteni aliuliza.

Mama Pasi alimtazama mkwewe kwa macho ya kumziba mdomo. Vifungo, kwa uchungu ule, akamwonea huruma na kunyamaza.

"Vitamini," Mama Pasi alisema. "Mtoto anachomwa vitamini. Na vitanda vya kule vizuri."

Kapteni hakuuliza tena. Alifungua mlango wa pikapu. "Uwanja uko njia ile ile. Pandeni. Nyinyi, chukueni hizo… chukueni hizo jezi, tutavaa njiani. Hatuna nyingine."

*

Pikapu ilikata mitaa, Vifungo mbele akihema, Mama Pasi kambana, na nyuma wanaume wakivua na kuvaa huku Mlingoti akiwashikilia wasianguke. Watu barabarani walishangilia bila kujua wanashangilia nini.

Getini pa hospitali Mama Pasi alijipiga kofi la paji la uso. "Pasi! Nimeacha pasi ya makaa juu ya shati la mteja! Na moto wa pipa! Mlingoti, rudi! Nyumba itaungua!"

"Mama, mke wangu…"

"Wanaume hawaingii huko ndani. Rudi na pikapu uje tena. Mimi nipo."

Mlingoti aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mama yake. "Mama. Sindano ya mtoto. Leo leo."

"Najua."

"Utasema?"

"Nitasema."

"Utamwambia nani?"

"Nitamnong'oneza nesi," Mama Pasi alisema, akageuka kabla hajaulizwa zaidi.

Kapteni aliondoka na Mlingoti. Wachezaji waliobaki walijipanga kwenye benchi refu la ukumbini, waridi tupu, mikono kwenye magoti, wakingoja usafiri wao. Akina mama wajawazito waliopita walidhani ni idara mpya.

Mtoto hakupoteza muda wa mtu. Vifungo alimwambia nesi habari ya damu yake mara tu alipolala kitandani, akasukuma, akatukana kidogo, akasukuma tena, na mtoto wa kiume akatoka akipiga kelele. Nesi alichomoza kichwa mlangoni, glavu mikononi.

"Bibi wa mtoto nani?"

"Mimi! Mzima?"

"Mzima, na mama yake mzima. Sasa sikiliza, bibi. Jokofu la wodi limeharibika, chanjo tumezihamishia kule dirisha la dawa. Mimi nina wengine wawili wanasukuma, siwezi kutoka. Kimbia uwaambie wailete ile ya homa ya ini ya mtoto mchanga. Kimbia, leo wanafunga mapema."

Nyuma ya nesi, kwa mwanya mdogo tu, Mama Pasi alimwona mjukuu wake. Aliona ngumi moja, ndogo kama soksi iliyokunjwa. Mlango ukafungwa.

Alikimbia.

Dirisha la dawa lilikuwa na kioo chenye tundu dogo la kuongelea, na ndani kijana mwenye koti jeupe alikuwa anafunga makabati. Mbele ya Mama Pasi alisimama mwanamke mmoja akipokea dawa ya kikohozi. Mwanamke akageuka. Kati ya watu wote duniani, alikuwa Mke wa Mwalimu Mkuu.

"Aa, Mama Pasi! Kulikoni hospitali? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Mkwe kajifungua."

"Hongera! Salama?"

"Salama, salama," Mama Pasi alisema, akajipenyeza dirishani, akaweka mdomo kwenye tundu. "Kijana. Nimetumwa chanjo ya mtoto."

"Chanjo za watoto Jumatatu, mama," kijana alisema bila kugeuka.

"Hii ni ya leo. Ni ile ya…" Akanong'ona.

"Sikusikii, mama. Kioo hiki."

Akanong'ona tena. Mke wa Mwalimu Mkuu hakuondoka. Alikuwa anasoma karatasi ya dawa ya kikohozi kwa umakini ambao hata mumewe hakuwahi kuwa nao.

"Mama, watoto wote waliozaliwa leo wanachanjwa Jumatatu asubuhi. Ndivyo tunavyofanya. Njoo Jumatatu." Kijana alivuta pazia.

Mama Pasi alibaki anatazama pazia. Lilikuwa chafu, halijanyooshwa, na bado akili yake ilipata nafasi ya kuliona hilo. Nyuma yake alihisi macho ya mteja wake mkubwa. Pembeni, kwenye benchi, wachezaji walikuwa wanamwangalia. Akaziona kamba zake uani, tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Akamwona mkwewe mwisho wa mkeka, anatazama ukuta. Akaiona ile ngumi. Jumatatu ngumi ile itakuwa bado ndogo, na sindano itakuwa imechelewa, na itakuwa imechelewa kwa sababu bibi yake aliona haya. Akaona aibu. Si ile ya watu. Nyingine kabisa, iliyomchoma hata machozi yakamlenga.

Akapiga kioo kwa kiganja, mkono ule ule wa kunyanyulia pasi. Ukumbi ukatetemeka.

"Wewe kijana! Vuta hilo pazia! Mkwe wangu ana homa ya ini! Aina ya B! Iko kwenye damu! Na mjukuu wangu amezaliwa sasa hivi, anatakiwa sindano yake leo! Si Jumatatu! Leo! Jumatatu nitakuletea nini, nikuletee kilio?"

Pazia likavutwa. Mama Pasi hakuwa amemaliza. Aligeuka, akaukabili ukumbi mzima, kidole juu.

"Ndiyo! Mmesikia! Na ndiye anayewashonea vifungo! Wewe, na wewe, na hizo namba mgongoni kazishona yeye, na hamjafa! Mimi ndiye niliyemtenga kwa sahani kama mbwa, na hakunijibu hata neno baya. Anayetaka kuhamisha nguo zake ahamishe, milango iko wazi! Lakini mtoto achomwe kwanza!"

Nesi fulani aliyekuwa anasukuma toroli alisimama. Namba tisa aligeuza shingo, akajaribu kuiona namba yake mgongoni.

"Mama ana maambukizi?" kijana wa dirishani alisema. Alikuwa ameshafungua jokofu, ameshashika kisanduku cha baridi. "Si ungesema toka mwanzo, mama yangu! Hiyo haingoji hata saa. Wodi gani?" Akatoka kwa mlango wa pembeni akikimbia, na koti lake, Mama Pasi aliliona hilo pia, lilikuwa limekosa vifungo viwili.

Mke wa Mwalimu Mkuu alisogea pembeni kumpisha Mama Pasi, akasogea kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Jumatatu atamtuma mtu kuchukua mashuka yake kabla hayajanyooshwa, na majirani zake wawili watamfuata, na mmoja kati yao atarudi mwenyewe mwezi unaofuata akijifanya alikuwa safari. Lakini hayo ni ya Jumatatu. Sasa hivi Kapteni alikuwa ameingia ukumbini na funguo mkononi, na alikuwa ameyasikia yote kutoka mlangoni.

"Kumbe ndiyo sababu ya waridi," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Nisameheni. Niliogopa tone la damu."

Kapteni alitazama viganja vyake vilivyojaa makovu ya bisibisi. "Sisi gereji tunakatika kila siku, na kitambaa cha kufutia damu ni kimoja, tunapokezana. Sasa hiyo chanjo, wakubwa nao wanachomwa?"

"Wanachomwa. Mwulize Mlingoti, atakuonyesha mkono mpaka uchoke."

"Basi baada ya mechi tunakuja," Kapteni alisema, akawageukia wenzake. "Wote. Na asiwepo wa kuzimia. Haya, twendeni tukafungwe."

Na kweli walifungwa. Msitegemee miujiza, rangi ilikuwa mbaya na beki yao mbovu zaidi.

*

Wodini Vifungo alikuwa amelala amechoka, mtoto kifuani. Mlingoti alikuwa ameruhusiwa kuchungulia, na kuchungulia kwake kulikuwa mwili mzima ndani.

"Shati limeungua?" Mama Pasi aliuliza.

"Kola tu."

"Sindano imefika," Vifungo alisema. "Yule kijana ameileta mbio. Mama, mbona sauti yako imekauka?"

"Niliongea kidogo."

"Uliongea kidogo? Tumekusikia mpaka huku. Mwenzangu wa kitanda cha pili alisitisha kusukuma asikilize."

Mama Pasi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alishika mkono wa mkwewe, ule wa kidole kilichochomwa, akaufunika kwa mikono yake yote miwili. "Mwanangu, nimekukosea. Nimekukosea sana."

"Umenikosea, Mama," Vifungo alisema, na machozi yakamtoka, na bado akacheka. "Tena tutayazungumza, sitaki kuyameza. Lakini nikishalala. Nesi huyo anakungoja."

Nesi alikuwa amesimama na bomba la sindano, anamtafuta mtu asiye na haraka ya kuzirai. Alimpita Mlingoti, ambaye alikuwa tayari ameshika ukuta. "Bibi, wewe mshike mguu. Mkaze, asirushe."

Mama Pasi alimpokea mtoto. Alikuwa bado hajaogeshwa vizuri, nywele zimegandamana. Alimlaza kwenye paja lake, juu ya nguo yake safi iliyonyooshwa, akaushika mguu ule mwembamba kwa mkono uliokuwa bado mwekundu kwa kupiga kioo. Nesi alifuta, akachoma. Mtoto akashangaa kwanza, kisha akavuta pumzi ya maisha yake yote na kulipuka kwa kilio.

"Lia, baba, lia," Mama Pasi alimwambia, machozi yakimdondokea mjukuu wake kifuani. "Lia tu. Leo bibi yako amepiga kelele kuliko wewe."